Taa ya Kuonyesha Hali ya Laini ya Simu

Simu ya mezani ikiharibika haipigi kelele. Ukimya wa laini mbovu na ukimya wa laini nzima isiyo na mpigaji ni ule ule, na mara nyingi watu hugundua tofauti wakati wanaihitaji simu hiyo.

Mfano mzuri ni kituo cha afya chenye laini moja na simu tatu juu ya laini hiyo: moja mapokezi, moja chumba cha kujifungulia na moja katika ofisi ya msimamizi. Mkono wa simu ukiwekwa vibaya ofisini saa kumi na moja jioni na mlango ukafungwa, laini nzima imeshikwa. Zahanati inayopiga usiku kuomba ambulensi kwa ajili ya mama aliyeshikwa na uchungu itasikia mlio wa laini yenye shughuli hadi asubuhi. Muuguzi wa zamu naye atakaa karibu na simu yake akiamini hakuna aliyepiga. Ndivyo inavyokuwa pia waya wa shaba ukikatwa na wezi barabarani: hakuna kengele inayolia ndani ya jengo.

Kuna sakiti ndogo inayoweza kuondoa ukimya huo. Ni taa moja nyekundu iliyo mahali pa wazi, inayowaka laini ikiwa inatumika na inayowaka pia laini ikiwa imekufa. Ikiwa imezimika, laini iko huru na ina umeme wake. Somo hili linaeleza jinsi ya kuiunda. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, vituo vya afya vya kaunti na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo mwanafunzi wa umeme katika chuo kimoja anaweza kutengeneza kitu kitakachotumika katika kituo cha afya kilicho ng'ambo ya barabara. Kazi yenyewe ni ya alasiri moja kwa anayejua kulehemu.

Umeme ulio ndani ya laini

Laini ya kawaida ya shaba ni waya mbili tu, na ndani yake mna umeme wakati wote. Mkono wa simu ukiwa umekaa mahali pake, mita itaonyesha takriban volti 48 za mkondo mnyoofu kati ya waya hizo mbili. Umeme huo hautoki kwenye jengo. Unatoka kwenye mtambo wa simu, ambako kuna betri za risasi na asidi, seli 24 za volti 2 kila moja. Ndiyo sababu simu ya waya iliyounganishwa moja kwa moja na mtambo huendelea kufanya kazi hata stima ikipotea mtaa mzima.

Mkono ukiinuliwa, simu hufunga njia na mkondo wa miliampea 20 hivi au zaidi hupita. Kwa kuwa waya ni mrefu na mtambo una vizuizi vyake, sehemu kubwa ya zile volti 48 hupotelea njiani. Kwenye simu hubaki volti chache, kwa kawaida kati ya 5 na 12. Simu inapoita, mtambo huongeza juu ya volti 48 mkondo geu wa takriban volti 75 hadi 90, wenye mizunguko 20 hadi 25 kwa sekunde. Huo ndio unaoweza kumrusha mkono fundi aliyezoea kudharau nyaya za simu.

Laini ikikatwa, volti ni sifuri.

Hali hizi zikitazamwa pamoja, njia ya kuzitofautisha inajitokeza yenyewe. Volti nyingi maana yake ni laini huru. Volti chache, au kukosekana kwa volti kabisa, maana yake kuna mtu anayeongea, kuna mkono ulioachwa wazi, au waya umekatika. Sakiti inayotakiwa ni ile inayowasha taa volti zinaposhuka chini ya kiwango fulani cha katikati, tuseme volti 20 na kidogo.

Kwa nini si taa peke yake

Wanaoanza masomo ya elektroniki hupenda kuunganisha taa ya LED katika mfululizo wa waya mmoja wa laini. Taa huwaka mkondo ukipita, yaani mtu akiongea. Ni rahisi na inafanya kazi, lakini haisemi lolote laini ikikatwa, kwa sababu waya uliokatika haupitishi mkondo na taa itakaa imezimika kana kwamba mambo ni shwari. Tena, kiungo kimoja kibaya cha risasi ndani ya kisanduku hicho kitakata simu zote. Kifaa cha kulinda laini hakifai kuwa mahali pa kuikatia.

Njia ya pili wanayoijaribu ni kuweka taa na rezista kati ya waya mbili, ili iwake laini ikiwa huru. Hapo taa hunyonya miliampea kadhaa saa zote 24. Mtambo wa simu unaweza kuuona mvujo huo kama laini yenye hitilafu, au kama simu iliyoinuliwa. Simu isiyotumika inatakiwa isichukue karibu chochote kutoka kwenye laini, na kanuni hiyo ndiyo iliyoamua umbo la sakiti ya somo hili: inapima volti kupitia rezista kubwa mno, inachukua chini ya maikroampea 5, na taa yake inalishwa na betri yake yenyewe.

Vifaa

Transista mbili za aina ya 2N7000 ndizo kiini cha kazi. Zina faida moja kubwa: hufunguliwa na volti kwenye mguu unaoitwa geti bila kuhitaji mkondo, jambo ambalo transista za kawaida haziwezi. Pamoja nazo zinahitajika diodi nne za 1N4007, diodi moja ya zena ya volti 12, rezista mbili za mega-omu 4.7, rezista mbili za mega-omu 1, rezista moja ya kilo-omu 2.2, taa ya LED nyekundu ya aina angavu, betri ya volti 9 na kifuniko chake chenye nyaya, kipande cha bodi yenye mistari ya shaba, waya wa simu wenye plagi ya RJ11, na kisanduku cha plastiki. Hakuna kifaa cha nadra katika orodha hiyo. Maduka ya vipuri vya elektroniki katika miji mikubwa huviuza, na Nairobi wengi huvitafuta Luthuli Avenue. Diodi na rezista zinaweza hata kutolewa kwenye redio na chaja zilizokufa, mradi zipimwe kwanza.

Chombo kisichoweza kukosekana ni mita.

Kuunganisha

Diodi nne huunganishwa kuwa daraja. Kazi ya daraja ni kuhakikisha kwamba upande chanya unatoka mahali pamoja kila mara, hata kama aliyefunga tundu la simu ukutani aligeuza waya, na wengi huzigeuza. Diodi mbili hukutanisha miguu yao yenye mstari: hapo ndipo chanya ya daraja. Diodi mbili nyingine hukutanisha miguu yao isiyo na mstari: hapo ndipo hasi. Miguu iliyobaki hukutana mbili mbili, mmoja wenye mstari na mmoja usio na mstari, na katika makutano hayo mawili ndipo waya mbili za laini huingia. Katika plagi ya RJ11, waya hizo ni mbili za katikati.

Kutoka chanya ya daraja, rezista mbili za mega-omu 4.7 huunganishwa moja baada ya nyingine hadi kituo kitakachoitwa A. Rezista moja ya mega-omu 10 ingetosha, lakini mbili hugawana volti za kengele, na zitafaa tena baadaye. Kutoka A hadi hasi ya daraja huwekwa rezista ya mega-omu 1. Sambamba nayo huwekwa diodi ya zena, mstari wake ukielekea A. Kazi ya zena ni kuzuia volti za kengele zisizidi 12 kwenye A.

Transista ya kwanza sasa. Ikishikwa upande bapa ukimtazama fundi na miguu ikielekea chini, miguu ya 2N7000 kutoka kushoto ni sosi, geti na dreni. Geti huenda A. Sosi huenda hasi ya daraja. Dreni huenda kituo cha pili, B. Kutoka chanya ya betri hadi B huwekwa ile rezista ya pili ya mega-omu 1, na hasi ya betri huunganishwa na hasi ya daraja.

Transista ya pili huweka geti yake kwenye B na sosi yake kwenye hasi ya betri. Dreni yake huunganishwa na mguu mfupi wa LED. Mguu mrefu wa LED hupitia rezista ya kilo-omu 2.2 hadi chanya ya betri. Sakiti imekamilika.

Inavyofanya kazi ni hivi. Laini ikiwa huru, volti 48 hugawanywa na rezista na A hupata karibu volti 4.5. Hiyo inatosha kufungua transista ya kwanza, ambayo huvuta B chini hadi karibu sifuri. Transista ya pili hukosa volti ya geti na taa huzimika. Mkono ukiinuliwa na laini ikashuka hadi volti 8, A hubaki na volti 0.7 hivi. Transista ya kwanza hujifunga, B hupanda hadi volti za betri, transista ya pili hufunguka na taa huwaka. Waya ukikatwa, A haina kitu na matokeo ni yale yale.

Transista hizi huuawa na umeme tuli wa mwilini, hasa msimu wa kiangazi na kwa aliyevaa sweta ya nailoni. Fundi hugusa kwanza chuma kilichofukiwa ardhini, na huzilehemu mwisho baada ya vingine vyote.

Kujaribu mezani

Hakuna sababu ya kuijaribu kwenye laini ya kweli siku ya kwanza. Betri tano za volti 9 zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa volti 45, na rezista ya kilo-omu 1.5 yenye uwezo wa wati 2 ikiwekwa mbele yake huigiza urefu wa waya hadi mtambo. Kwenye ncha mbili zinazobaki huunganishwa sakiti. Taa inatakiwa izimike. Kisha rezista ya omu 330, ya nusu wati, huwekwa kati ya ncha hizo kuigiza simu iliyoinuliwa: volti zitashuka hadi 8 hivi na taa itawaka. Rezista hiyo ikitolewa, taa huzimika tena. Ncha moja ikichomolewa, taa huwaka kuonyesha laini iliyokatika. Darasa zima linaweza kuona hali zote za laini bila mtu kugusa nyaya za simu. Kengele tu ndiyo haimo katika jaribio hili.

Hapa kuna mtego unaowapata wengi. Mwanafunzi akipima volti kwenye A akiwa na volti 45, hesabu inasema atapata 4.3 hivi, lakini mita itasoma karibu 3.9. Sakiti haina kosa. Mita nyingi za dijitali zenyewe zina kizuizi cha mega-omu 10, na zikiwekwa sambamba na rezista ya mega-omu 1 huila sehemu ya volti zinazopimwa. Katika sakiti nyingi kosa hilo ni dogo mno kuonekana. Katika hii linaonekana, na hiyo ni nafasi nzuri ya kulifundisha.

Taa ikikataa kuwaka hata plagi ikichomolewa, huenda LED imegeuzwa, au transista ya kwanza imegeuzwa sosi na dreni. Ndani ya 2N7000 mna diodi ambayo huipitishia mkondo kinyumenyume na kuishikilia B chini. Taa ikiwaka daima hata kukiwa na volti 45, la kwanza kukaguliwa ni zena iliyogeuzwa, kisha diodi za daraja, kisha transista ya pili. Ikiwaka plagi ikichomolewa lakini isiwake mkono ukiinuliwa, transista ya kwanza ni ile inayofunguka kwa volti chache mno. Transista za aina moja hazifanani, na kuibadilisha kwa nyingine kutoka mfuko ule ule mara nyingi hutosha.

Mahali pa kuifunga

Vifaa vinavyounganishwa na mtandao wa simu wa umma vinatakiwa viwe vya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kifaa kilichoundwa chuoni hakina idhini hiyo. Mahali pake pa kwanza, basi, ni simu za ndani za jengo, nyuma ya mtambo mdogo wa kugawia simu unaomilikiwa na taasisi yenyewe. Anayetaka kukiweka kwenye laini inayoingia kutoka nje azungumze kwanza na kampuni inayotoa huduma.

Mitambo midogo ya kugawia simu mara nyingi hutoa volti 24 badala ya 48, kwa hivyo kupima ni lazima kabla ya kufunga. Ikipatikana 24, rezista moja kati ya zile mbili za mega-omu 4.7 hurukwa kwa kipande cha waya, na A itapata karibu volti 4 kama inavyotakiwa.

Jambo la kuelewa vizuri ni kwamba taa huona tu volti za mahali ilipofungwa. Nyuma ya mtambo wa ndani, itaonyesha mkono ulioachwa wazi au waya uliokatika ndani ya jengo, lakini si waya uliokatwa barabarani, kwa sababu volti zinatoka kwenye mtambo wa ndani. Ndivyo ilivyo mara nyingi pia kwa simu iliyochomekwa kwenye kisanduku cha faiba: kisanduku hutengeneza volti zake, na faiba inaweza kukatika huku taa imezimika kwa amani. Na simu ya mezani yenye laini ya kadi ndani yake, kama zile zinazoonekana katika ofisi nyingi siku hizi, haina waya wa kupima.

Sakiti isilishwe na chaja ya ukutani badala ya betri, hata kama inaonekana ni kuokoa pesa. Laini ya simu haipaswi kugusana na ardhi ya stima, na chaja ya bei rahisi inaweza kuunganisha viwili hivyo na kuleta mvumo kwenye simu, au hatari kubwa zaidi. Kazi yoyote kwenye nyaya za simu husimama mvua ya radi ikikaribia. Waya unaopita juu ya nguzo kilomita kadhaa ni njia nzuri ya radi kuingia ndani, na hakuna diodi katika sakiti hii itakayoizuia.

Betri

Laini ikiwa huru, sakiti hutumia maikroampea 9 tu kutoka kwenye betri, kiasi ambacho betri itazeeka kabla ya kukimaliza. Taa ikiwaka hutumia miliampea 3 hivi. Betri nzuri ya alkalini ya volti 9, yenye takriban miliampea-saa 500, itaiwasha kwa jumla ya saa 150 hivi.

Hapo pana udhaifu wa kweli wa kifaa hiki. Laini ikikatika na hakuna anayeshughulika, taa itawaka siku sita mfululizo, betri itakwisha, na taa itazimika. Kuanzia hapo itaonekana kana kwamba laini ni nzima. Dawa yake ni ndogo lakini lazima ifanywe: kila zamu inapobadilishana, anayeingia achomoe plagi ya kisanduku kwenye tundu la simu. Taa lazima iwake. Isipowaka, betri imekwisha au sakiti imekufa, na kwa hali yoyote taa hiyo isiaminiwe hadi itengenezwe. Plagi ikirudishwa, taa lazima izimike. Jaribio zima halichukui nusu dakika, na halihitaji fundi.

Simu inapoita, taa hupepesa kidogo, kwa sababu volti za kengele hupita sifuri mara nyingi kwa sekunde. Hilo si kosa.

Kisanduku hufungwa mahali ambapo mtu wa zamu hukitazama bila kukusudia: juu ya kaunta ya mapokezi au kando ya mlango wa chumba cha kujifungulia, si nyuma ya kabati. Kando yake hubandikwa karatasi yenye maneno machache yanayosomeka kwa mbali: "Taa ikiwaka na hakuna anayeongea: kagua mikono ya simu zote, ukianza na ofisi zilizofungwa. Ikiendelea kuwaka, inua simu usikilize. Hakuna mlio? Laini imekatika. Piga ripoti kwa simu ya mkononi, na uwajulishe zahanati nambari nyingine ya kutumia."